Daktari wa Mashine wa Kasulo

Ukiuliza nyumba ya daktari pale Kasulo, utaonyeshwa shamba la migomba la mzee Desderius, na ukiuliza daktari mwenyewe yuko wapi, utaambiwa yuko masomoni. Hakuna atakayekwambia kwamba daktari huyo hajawahi kumchoma mtu sindano tangu azaliwe, na wala hasomei kazi hiyo. Si kwamba watu wa Kasulo ni waongo. Waliambiwa, tena zaidi ya mara moja, ila hawakutaka kusikia.

Daktari mwenyewe ni Benedicta, kitindamimba wa Desderius, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa vifaa tiba katika chuo kikuu huko Mbeya. Kazi anayosomea si ngumu kuieleza. Hospitali ina mashine, mashine huharibika, na lazima awepo mtu anayejua ndani yake kuna nini. Lakini hebu jaribu wewe kumweleza mzee aliyeuza kahawa na maharage yake miaka yote ili mtoto asome. Benedicta alijaribu, siku ile majina ya waliochaguliwa yalipotoka. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Kwa hiyo unakwenda kuwa fundi?"

"Mhandisi, baba. Wa mashine za hospitali."

"Fundi wa redio yuko pale Benaco sokoni. Hata darasa la saba hakumaliza."

Benedicta alicheka. Mzee hakucheka. Alikaa na jambo hilo wiki nzima, akalipepeta kama maharage, na Jumapili, ulipofika wakati wa matangazo kanisani, akasimama na shati lake jeupe na kusema Mungu amemjalia, mwanawe anakwenda kusomea udaktari wa mashine. Watu wakapiga makofi. Jumapili iliyofuata walikuwa wanasema daktari tu. Yale maneno mengine yalianguka mahali fulani kati ya kanisa na soko, na Desderius hakuwa na haraka ya kurudi kuyaokota.

Mwanzoni Benedicta alipambana. Likizo ya kwanza, Bibi Nyirabahizi, jirani yao wa bondeni, alimjia akichechemea, akapandisha kitenge na kumwonyesha goti lililovimba. Benedicta akamwambia, bibi, mimi si daktari, nenda kituo cha afya wakalione. Bibi akaenda, akapewa dawa, goti likapona, na sifa zote zikamrudia Benedicta: ameliangalia mara moja tu, akajua pa kunielekeza! Sasa na watu kama hao utafanya nini? Akaacha kubishana. Tena tuseme kweli, jina la daktari ni tamu hata ukijua si lako. Mama yake, Francisca, akawa anaitwa mama daktari, na ukutani sebuleni ikatundikwa picha ya Benedicta akiwa maabara, amevaa koti jeupe, anatabasamu.

Ambacho picha haikuonyesha ni mashine iliyokuwa nyuma ya mpigapicha. Maabara yao ilikuwa na mashine moja ya kuwapa usingizi wagonjwa wa upasuaji, nayo ilikufa zamani, na wanafunzi waliizunguka kila wiki kama watu waliokuja kuhani msiba. Walijifunza umeme, walijifunza moyo na mapafu, walichora njia ya hewa kutoka puani hadi kwenye damu. Mashine nyingi walizisoma kwenye michoro. Benedicta alizipenda hata hivyo. Alipenda kwamba kila kitu ndani ya mashine kina sababu ya kuwapo, na kwamba ukifuata njia kwa subira utafika penye ubovu. Hakuna mwalimu aliyemwambia wazi kwamba unaweza kufika penye ubovu, ukauona kwa macho yako, na usiwe na la kufanya.

Hilo alikuja kulijua kwenye mafunzo kwa vitendo. Aliomba nafasi Ngara, wilayani kwao, akakosa, akapata katika hospitali ndogo ya masista upande wa Nyamigogo, wilayani Biharamulo. Fundi wa vifaa tiba pale alikuwa Ildefonce, mtu mpole mwenye karakana ndogo na mashine nyingi za msaada, nyingine zimeandikwa lugha ambazo hata masista hawakuzijua. Siku ya kwanza alimpa Benedicta bisibisi na koti jeupe la zamani. Koti lile ndilo walilokuwa wakivaa wanafunzi wote wa vitendo, wawe wa maabara, wa famasia au wa mashine. Mgonjwa akikuona nalo anakuita daktari. Benedicta alishazoea.

Wodini palikuwa na mashine mbili za oksijeni. Ni visanduku vyenye magurudumu, virefu kufika pajani. Mashine ya namna hiyo hunyonya hewa ya kawaida ya chumbani, ikaipitisha kwenye mitungi miwili iliyojaa punje nyeupe, na zile punje hushika hewa isiyotakiwa na kuiachia oksijeni ipite. Punje zikishanyonya unyevu, zimekwisha. Mashine itanguruma vilevile, upepo utatoka vilevile, ila utakuwa upepo tu, ule ule wa chumbani. Taa ya kijani huzima, ya njano ikawaka. Moja ya zile mbili ilikuwa na taa ya njano kwa muda sasa. Benedicta na Ildefonce waliifungua pamoja, wakajaribu kila walichojua, wakakubaliana kwamba la kuvunda halina ubani. Ildefonce akapanda basi kwenda Mwanza kufuata mitungi mipya, akamwachia Benedicta ufunguo wa karakana.

Ni katika siku hizo Desderius alipozidiwa.

Alianza na kikohozi cha mvua, akakidharau kama anavyodharau kila kitu kisichomzuia kushika jembe. Kikashuka kifuani, ikawa nimonia, na asubuhi moja akawa hawezi kumaliza sentensi. Wakaitwa watu wa ingobyi.

Ingobyi ni machela ya kubebea wagonjwa, ya kusukwa, yenye miti miwili ya mabegani. Barabara zimekuja, bodaboda zimekuja, lakini mtu asiyeweza kukaa wima huwezi kumpakia kwenye pikipiki, kwa hiyo katika vilima vile ingobyi haijastaafu. Kila kaya hutoa mbebaji. Asiyebeba wenzake naye hatabebwa, na anajua hivyo tangu utotoni. Tena wabebaji wana adabu yao: hawabishani na mgonjwa. Anakotaka kupelekwa ndiko wanakompeleka, maana huenda ndiyo safari yake ya mwisho, na nani anataka kulala na neno kwamba alimkatalia mtu safari yake ya mwisho? Mkuu wao alikuwa mzee Wiston, rafiki wa Desderius tangu walipochunga mbuzi pamoja.

Walimteremsha mpaka barabara ya lami. Kituo cha afya kiko pale pale, ng'ambo ya barabara. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni, ameshaona ingobyi inashuka, ameshafungua mlango. Wiston akainama.

"Mzee, tumefika kituoni."

Desderius akainua mkono kutoka ndani ya blanketi, akaonyesha mbele, njia ya Biharamulo. "Kwa mwanangu," akasema.

Basi. Neno likawa limetoka. Wakasimamisha basi dogo la kukodi, wakamlaza kwenye kiti cha nyuma, wabebaji wakabanana mbele, wakaondoka, na yule muuguzi akabaki mlangoni na mlango wake wazi.

Benedicta alikuwa karakana akisafisha mashine ya kufyonza makohozi simu ilipoita. Alikuwa kaka yake, Frednand.

"Tunakuja huko. Baba kazidiwa, kifua kimembana."

"Kituoni wamesemaje?"

"Tumeshakipita."

"Mmekipita? Kwa nini?"

"Amekutaka wewe," Frednand alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema.

Likizo iliyopita aliingia kwenye kile kituo kuomba tu kuangalia vifaa vyao, akaonyeshwa mashine ya oksijeni mpya, bado ina nailoni kwenye mpini. Waliiwasha mbele yake. Taa ilikuwa ya kijani. "Frednand, rudini," alisema. "Rudini hapo hapo, wana oksijeni." Lakini simu ilikuwa imekatika; gari lilikuwa limeingia porini, na porini mtandao ni bahati. Alipiga tena na tena, kisha akakimbia wodini.

Sista Petronila, muuguzi mkuu, alimsikiliza huku akitandika kitanda. Mtungi mkubwa wa oksijeni uliokuwepo uliishia chumba cha upasuaji alfajiri ile, na mingine haijaletwa. Gari la wagonjwa limempeleka mama mjamzito hospitali kubwa na halitarudi kabla ya alasiri. Ilibaki ile mashine moja yenye taa ya kijani, na hiyo ilikuwa na mwenyewe: kitoto cha wiki moja cha binti aitwaye Happyness, kimelala chini ya dirisha, mirija puani, kifua kikipanda na kushuka kama cha kifaranga.

"Usiniombe," Sista Petronila alisema.

"Sijaomba, sista."

Hakuomba kwa mdomo. Lakini alikitazama kile kitoto, na kwa kitambo alikichukia, kitoto cha watu, kisicho na kosa lolote ila kufika kwanza. Kisha akaona aibu, akatazama pembeni.

Walifika kabla ya saa sita. Wanaume wanne walimbeba Desderius kwenye blanketi kutoka garini mpaka kitandani, na mbele yao mzee Wiston akiwafungulia njia: "Tupisheni, tupisheni! Tunamretea daktari mgonjwa wake!" Midomo ya mzee ilikuwa ya kijivu. Mabega yalipanda kila alipovuta hewa, kama mtu anayeinua gunia. Benedicta alipomwona, mdomo ukafanya kile ulichofundishwa tangu utotoni.

"Shikamoo, baba."

Na Desderius akatafuta pumzi, akaikusanya, akaitumia yote kumjibu mwanawe.

"Marahaba."

Mpaka leo Benedicta anajilaumu kwa shikamoo ile.

Dokta Habimana, daktari wa kweli wa pale, kijana aliyekuwa hajalala, alikuja akasikiliza kifua, akabana kipimo cha oksijeni kidoleni. Namba ilisoma sabini na kitu, wakati ya mtu mwenye afya huzidi tisini. Akaanzisha dawa kwenye mshipa, kisha akamvuta Benedicta kando. Dawa ni sahihi, alisema, lakini dawa inahitaji muda, na anayempa mgonjwa muda ni oksijeni. "Mngekuwa naye mahali penye oksijeni tangu asubuhi," alianza, akaishia hapo.

Benedicta akakumbuka gari. "Mzee Wiston, gari liko wapi? Tumrudishe kituoni."

"Gari nimeriruhusu," Wiston alisema kwa fahari. "Tumefika kwa daktari wetu, gari ra nini tena?"

Frednand alimpigia dereva. Alikuwa ameshapata abiria wa Lusahunga. Na Dokta Habimana akasema hata lingekuwepo, safari ndefu namna ile bila hewa, mzee asingeimaliza.

Basi Benedicta akafanya alichojua. Chuoni walifundishwa kwamba mashine moja inaweza kugawia wagonjwa wawili ukiunganisha mrija wenye njia mbili. Alikimbia karakana, akatafuta kiungio, akakiosha kwa spiriti. Alimpigia magoti Happyness, binti ambaye pengine ni mdogo wake kwa miaka, akamweleza. Happyness hakusema ndiyo wala hapana. Alishika tu mguu wa mwanawe. Sista Petronila alimtazama Dokta Habimana, naye akaitikia kwa kichwa. Wakaunganisha. Namba ya Desderius ikapanda kidogo, ikafika themanini na ushee, na wabebaji waliokuwa wamejipanga ukutani wakaanza kumshukuru Mungu kwa Kihangaza, lugha ya kwao.

Lakini mashine ile ilikuwa mzee kuliko watu wengi wodini. Haikuwa na nguvu ya kulisha vifua viwili. Taa ya kijani ikaanza kupepesa. Kitoto kikageuka rangi kwenye vidole, kikaacha kulia, na kipimo chake kikaanza kulia badala yake. Happyness akapiga ukelele mmoja mfupi. Sista Petronila akanyoosha mkono, ila hakuwahi kufika. Benedicta mwenyewe ndiye aliyechomoa mrija wa baba yake.

Namba ya kitoto ikapanda. Namba ya Desderius ikashuka ikarudi ilikotoka.

"Benedicta," mzee akaita. Alikuwa na akili zake zote, na hilo ndilo lililoumiza zaidi. Alikuwa anatazama kile kisanduku kingine kilichosukumwa kwenye kona, chenye taa ya njano. "Na ile? Ndiyo... mashine yako?"

"Ndiyo, baba."

"Itengeneze."

Alisema bila wasiwasi wowote, kama mtu anayemwambia mtoto afunge mlango. Ndicho alichomsomeshea. Benedicta akamtazama Dokta Habimana, na yule kijana akatazama sakafu.

Akaisukuma mashine mpaka kando ya kitanda cha baba yake. Akatoa bisibisi mfukoni mwa koti jeupe. Akafungua kifuniko cha nyuma, skrubu moja baada ya nyingine, akiziweka kwenye kiganja kama alivyofundishwa ili zisipotee. Akatoa kichujio cha vumbi, akakikung'uta dirishani, akakiosha, akakikausha. Akakagua mabomba ambayo yeye na Ildefonce waliyakagua. Hakuna alichotengeneza, na alijua. Zile punje zilikuwa zimekufa, na punje nyingine zilikuwa Mwanza, au njiani kutoka Mwanza, au popote pale ila hapa. Lakini mzee alikuwa akimfuata kwa macho, kila mkono ulikokwenda, na uso wake ulianza kulegea. Yale mabega yaliyokuwa yakipanda kwa hofu yakapungua kupanda. Wabebaji nao walisogea wakatazama, wanaume wazima, wamenyamaza kama wako kwenye komunyo.

Akarudisha kifuniko. Akaiwasha. Ikanguruma, ikapiga mlio wa onyo, taa ya njano ikawaka. Benedicta akabonyeza mlio ukanyamaza.

"Hiyo taa?" Desderius akauliza.

"Ni taa tu, baba."

Akakata kipande cha plasta kwenye trei ya Sista Petronila, akakibandika juu ya ile taa. Sista aliona. Hakumzuia. Kisha Benedicta akamvalisha baba yake mirija puani, akaipitisha nyuma ya masikio yaliyojaa mvi, akafungulia ule upepo.

Desderius akafumba macho. Akavuta. "Ahaa," akasema. "Sasa napumua."

Wiston akawageukia wenzake, machozi yanamtoka. "Mmeona? Mmeona kusoma?"

Benedicta alikaa kwenye stuli, ameshika mkono wa baba yake, akisikiliza mashine isiyofanya kazi. Hakuna kitu alichokitamani kama ujinga. Laiti na yeye angeamini kama Wiston! Lakini alijua kiasi gani cha oksijeni kimo kwenye hewa ya chumbani, alikijibu kwenye mtihani. Alijua njia yote ya hewa, kutoka puani hadi kwenye damu, na alijua hewa ile inakwama wapi. Kila baada ya muda mzee alifungua macho, akamwona, akayafumba tena.

"Waambie," alisema mara moja.

"Niwaambie nini, baba?"

"Yule... wa Benaco." Akapumzika. "Hawezi hii."

Alitabasamu. Hakusema kingine cha kueleweka. Alasiri, gari la wagonjwa lilipokuwa likiingia getini, Dokta Habimana alimwekea kidole shingoni, akangoja, akaweka tena, kisha akaizima ile mashine yenye plasta. Kile kitoto chini ya dirisha kikaanza kulia kwa nguvu, kikitaka nyonyo.

Wabebaji walimrudisha Desderius kwao na kumpandisha kilima kwa ingobyi ile ile. Wakati wa maziko simu ya Benedicta ilitetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa Ildefonce, aliyeshuka kwenye basi la usiku akaingia kazini kabla hajapata habari, akisema mitungi ya punje imefika, ameifunga, taa ni ya kijani safi kabisa.

Baada ya kaburi kufunikwa, watu walikaa chini ya turubai, na Wiston akapewa nafasi aeleze marehemu alivyofariki, kama ilivyo desturi. Alieleza vizuri mno. Alieleza jinsi binti alivyoiangukia mashine kama mtu anayeangukia adui, jinsi alivyoifungua yote, jinsi mzee alivyosema sasa napumua. "Ndugu zangu," alisema, "ni siku yake iritimia. Rakini alikufa mikononi mwa daktari wake." Watu wakaguna kwa kukubali, na Francisca, mjane, akainua kichwa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Ndipo Benedicta akaomba kusema. Alisema kwa Kihangaza, ili asimwachie mtu yeyote mwanya. Alisema yeye si daktari. Alisema anasomea kutengeneza mashine, hajui kutibu hata homa, na ile mashine hakuitengeneza, ilikuwa mbovu kabla na ilibaki mbovu. Alisema baba yake alipitishwa mbele ya mlango wenye hewa akaletwa mahali pasipo na hewa, kwa sababu yake. "Mtu akiugua mpelekeni kituo cha karibu," alisema. "Nawaomba. Msinitafute mimi."

Mwanamke mmoja akasema, maskini, uchungu. Mwingine akasema, hata padri hufiwa na mama yake, si kwamba hakusali. Katekista akasimama na kuongoza wimbo, maana mwenye uchungu haachwi asimame peke yake muda mrefu. Frednand akamshika bega akamkalisha. Na Bibi Nyirabahizi, yule wa goti, akaja kwa kujikokota, akamshika mikono yote miwili.

"Usijilaumu, mwanangu," akamwambia. "Sisi tunakuamini."

Akamwomba namba ya simu. Benedicta, utafanya nini, alimpa.

Alirudi Nyamigogo kumalizia mafunzo. Kitoto cha Happyness kilikuwa kimekwenda nyumbani. Mashine zote mbili zilikuwa na taa za kijani, na kwenye moja bado palikuwa na alama ya gundi ya plasta. Ildefonce alitaka kuisafisha, yeye akasema ataisafisha mwenyewe, halafu hakuisafisha. Alifanya kazi, alijaza ripoti ya chuo, alianza kulala tena.

Jumanne moja, akiwa anavuka ua na sanduku la vifaa, simu iliita. Namba ngeni. Upande wa pili kulikuwa na ngurumo ya gari na sauti ya Wiston ikipambana nayo.

"Daktari! Ni mjukuu wa Nyirabahizi, homa imempanda, anakakamaa, macho yamegeuka!"

Degedege. Hata yeye, mtu wa mashine, alijua. Kuna sindano yake, kila kituo cha afya wanayo, huchomwa mara moja na mtoto akalegea. Alisimama katikati ya ua.

"Mzee Wiston, mko wapi? Mko kituoni?"

"Tumeshakipita, mwanangu! Usiwe na wasiwasi, muuguzi alitaka kutuzuia, tumemwambia tuna daktari wetu. Tunaingia porini sasa hivi."

"Rudini!" Benedicta alipiga kelele mpaka wagonjwa wakageuka. "Mzee Wiston, geuzeni gari! Rudini kituoni, wampe sindano hapo hapo!"

"Haro?" sauti ikasema. "Haro? Daktari?"

Ikakatika. Alipiga, akaambiwa mteja hapatikani. Akapiga tena. Sista Petronila alitoka wodini akamkuta amesimama na simu sikioni, koti jeupe mwilini, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Nani anakuja?" sista akauliza.

"Watu wa kwetu," Benedicta alisema. "Wanamleta mtoto kwangu."